Saini ya nyuzi 60 bila ya jedwali

Swali: Mwalimu, nifanyeje nipate saini, kosaini na tanjenti za nyuzi 30 na 60 pasipo kufungua majedwali?

Jibu: Ndugu msomaji, chora pembetatu ambayo pande zake zote tatu zina urefu wa 2, na maadamu pande ni sawa, kila pembe yake ni nyuzi 60, kisha teremsha mstari wima toka kileleni hadi kitakoni, nao utaigawa nusu kwa nusu, hata ubakiwe na pembetatu yenye pembe mraba, ambayo mshazari wake ni 2, kitako 1, na kimo, kwa kanuni ya Pythagoras, √3. Basi saini ya 60, yaani upande unaoikabili pembe ukigawanywa kwa mshazari, ni √3/2, takriban 0.866; kosaini ni 1/2; tanjenti √3. Geukia pembe ya 30 iliyo juu, utaona dhahiri kuwa saini na kosaini zimebadilishana mahali, wala si kwa sadfa, kwani jumla ya pembe hizo mbili ni 90.

Kwa pembe kama 37 huna budi kurejea jedwali, na hapo tumshukuru Abu al-Wafa wa Baghdad, ambaye katika karne ya 10 alikokotoa saini kwa kila robo ya nyuzi, kazi ya subira ninayoistahi mno.