Dondoo muhimu: Kusoma michoro ya kale ya wanyama

Ukiwa Tchomia, kando ya Ziwa Albert, na mchoro wa kale wa samaki, uupeleke ufukweni asubuhi, mitumbwi inaposhusha samaki aitwaye kapiteni, uulinganishe naye. Anza na umbo: mstari wa ubavuni, miiba ya pezi la mgongoni, mkia. Rangi usiiamini haraka; wachoraji wengi walichora samaki aliyekwisha kupauka ndani ya spiriti. James Chapin, mtaalamu wa ndege aliyezunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo kuanzia 1909 hadi 1915, alichora hukuhuku, na kazi yake naiamini zaidi. Mchoro wa okapi wa mpelelezi Mwingereza Harry Johnston wa 1901 ni mzuri sana, lakini aliufanya kwa kutazama ngozi na mafuvu, bila kumwona mnyama akiwa hai. Ukichora wewe, andika jina la kienyeji, mahali na tarehe. Tumia penseli; wino huchuruzika ukilowa.