Rasiberi Nyeusi Uani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kichaka hiki, Rubus occidentalis kwa jina la kitaalamu, ni cha asili ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Mkazi wa Ohio au Pennsylvania anayekipanda uani anapanda mmea uliokwisha kuzoea theluji ya huko.

Nitakitofautishaje na blakiberi?
Chuma tunda. La rasiberi nyeusi hutoka likiwa na uwazi ndani, kitovu cheupe kikibaki kwenye kikonyo; la blakiberi hutoka na kitovu chake. Mashina ya rasiberi nyeusi nayo yana unga mweupe wa nta unaofutika kwa kidole.

Nipande wapi?
Penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku na pasipotuama maji. Epuka palipolimwa nyanya, viazi, bilinganya au pilipili miaka ya karibuni, kwani kuvu wa mnyauko hubaki udongoni. Kaa mbali pia na rasiberi za porini: vidukari huleta virusi kutoka huko, na rasiberi nyeusi huathirika upesi.

Mbona kimestawi lakini hakizai?
Tazama unavyopogoa. Shina huishi miaka 2: wa kwanza hukua, wa pili huzaa, kisha hufa. Ukifyeka kichaka chote wakati wa baridi, umefyeka mavuno ya kiangazi kijacho. Kata tu mashina yaliyokwisha kuzaa, usawa wa ardhi, uyaondoe bustanini. Shina changa likifika kama sentimita 75 wakati wa kiangazi, kata ncha yake. Litatoa matawi ya pembeni, na matunda mengi hutoka huko. Baridi inapokaribia kwisha, fupisha matawi hayo yabaki sentimita 20 hadi 30. Kazi hii moja ina faida kuliko mbolea yoyote utakayonunua.

Nipateje miche mingine?
Mwishoni mwa kiangazi, inamisha ncha ya shina changa uifukie. Itaota mizizi, majira ya kuchipua ikate na kuihamisha. Fanya hivyo kwa kichaka chenye afya tu.

Chini ya majani kuna unga wa rangi ya chungwa. Nipulize dawa?
Hapana. Hiyo ni kutu ya chungwa, nayo imeshaingia mpaka mizizini; hakuna dawa itakayoiponya. Ng'oa kichaka chote na mizizi yake leo hii, kabla upepo haujaupeleka unga huo kwa vingine.