Imani Haibaki Kanisani: Tujifunze kwa Mwenyeheri Floribert



Jumapili tunaimba kwaya, tunatoa sadaka, tunapokea Ekaristi Takatifu. Jumatatu tukifika kazini au chuoni, tunakuwa watu wengine kabisa. Ni kama tumegawana wiki na Mungu: Misa ni yake, saa zilizobaki ni zetu.

Hebu tumtazame kijana wa huku huku kwetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akaishi Goma, mashariki mwa Kongo. Alikuwa mwanajumuiya wa Mtakatifu Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 ulikuja mzigo wa chakula kilichoharibika. Akaahidiwa hela ili aupitishe. Akakataa. Julai mwaka huo alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri na shahidi.

Sasa angalia vizuri. Hakuna aliyemwambia amkane Kristo. Kilichotakiwa ni kibali tu. Kwa nini basi tunamwita shahidi wa imani? Kwa sababu chakula kile kingeliwa na watu, wakiwemo maskini kama wale watoto aliowapenda. Asingeweza kumhudumia Kristo katika maskini jioni, halafu mchana amlishe sumu. Kwake, altare na meza ya ofisini vilikuwa chini ya Bwana mmoja.

Je, ujasiri wa namna hii unatoka wapi? Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata mwanafalsafa Aristotle, anafundisha kwamba fadhila ni tabia thabiti ya kutenda mema. Kwa upande wetu tabia hiyo hujengwa kidogo kidogo, kwa kurudia rudia, na neema ya Mungu huiinua na kuitia nguvu. Ndiyo maana Yesu anaunganisha uaminifu katika mambo madogo na uaminifu katika mambo makubwa (Lk 16:10). Anayezoea kurudisha chenji iliyozidi anajiandaa kukataa rushwa ya mamilioni. Na anayezoea kuibia mtihani anajiandaa pia, ila kwa upande mwingine.

Utasema, "Frateri, mtaani bila kitu kidogo mambo hayaendi." Ni kweli, uaminifu una gharama. Unaweza kukosa tenda, kuchekwa, hata kupoteza kazi. Imani haituahidi kwamba tutakwepa hasara hiyo. Inatuhakikishia kwamba hatutaibeba peke yetu.

Tufanye mambo matatu wiki hii:

1. Asubuhi, kabla hujashika simu, mkabidhi Mungu kazi moja utakayoifanya siku hiyo, na uitaje kwa jina.
2. Chagua jambo dogo moja unalolifanyaga kwa ujanja ujanja, na uliache.
3. Usiku, dakika tano tu, chunguza dhamiri: leo nani ameumia kwa sababu yangu? Ukiona dhambi, usikate tamaa, Kitubio kipo.

Swali la kutafakari na wenzako katika jumuiya: wanaofanya kazi na wewe wangejua kuwa wewe ni Mkristo kama usingevaa rozari shingoni?

Mwenyeheri Floribert, utuombee.