Mtoto Anayejificha, Mtoto Anayepigana: Baba na Mama Wafanye Nini?



Leo tumtazame mtoto mwenye shida ya tabia. Huenda mkauliza jambo hili linahusu nini ndoa. Linahusu sana, kwa maana wazazi wasipokuwa na sauti moja juu ya mtoto wa namna hiyo, nyumba nzima hutikisika. Nasema hivi kwa sababu ilitikisika yangu.

Mtoto wetu wa pili alilelewa na nyanya yake huko Bungoma hadi alipofika miaka tisa. Nyanya alipofariki, tulimchukua akaja kukaa nasi hapa Kitale. Darasani hakusema neno. Mwalimu akimwuliza swali, alitazama chini na kutetemeka. Wakati wa mapumziko aliwapiga wenzake. Wageni wakibisha hodi nyumbani, alikimbia kujificha kwenye mahindi.

Mimi nilichukua kiboko, nikijiambia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mama yake alimkinga, akaanza kunificha barua za mwalimu. Wajomba wakasema mwaka wa tohara ukifika kijana huyu atatuaibisha sote. Mwishowe mimi na mama watoto tulikuwa tukilala bila kusemezana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayemharibu mtoto.

Usiku mmoja mama yake alimwuliza swali moja tu: "Unamkumbuka kukhu?" Mtoto akalia mpaka usingizi ukamchukua. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tulimzika mama yangu bila yeyote kati yetu kumweleza mtoto neno lolote.

Tabia ni lugha

Kuna mtoto mpole kwa asili, huyo si mgonjwa. Lakini mtoto anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule, asiyethubutu kujibu hata jambo analolijua, asiye na rafiki hata mmoja kwa miezi mingi, huyo amefungwa na woga. Vivyo hivyo mtoto anayepigana, kuiba au kutoroka mara kwa mara huenda anasema kwa mikono lile asiloweza kulisema kwa mdomo. Chanzo chaweza kuwa kifo, ugomvi wa wazazi, ulevi nyumbani, kuonewa shuleni, au mtu mzima anayemdhulumu kwa siri. Mara nyingine chanzo ni masikio yasiyosikia vizuri, macho au kifafa.

Msaada upo karibu

Wengi wetu hudhani msaada wa nafsi ni wa matajiri wa Nairobi. Sivyo. Hapa Bungoma, na kule Moshi nchini Tanzania, watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu yao walikutana katika vikundi kwa majuma 12. Walifundishwa kutuliza mwili, kutaja hisia zao, na kusimulia kifo kile kidogo kidogo. Walezi wao nao walikuwa na kikundi chao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Katika Bungoma, mjini na vijijini, watoto hao walipata nafuu kuliko wale waliopewa misaada ya kawaida tu, na mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo bado ilionekana.

Wazazi wafanye nini?

1. Kubalianeni kwanza ninyi wawili, mkiwa faraghani. Msibishane juu ya mtoto mbele yake.

2. Wekeni kiboko chini. Kiboko humfundisha mwoga kuogopa zaidi, na mgomvi kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Shuleni kimekatazwa tangu mwaka 2001. Lakini msimwache afanye apendavyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wekeni sheria chache, na adhabu ndogo isiyobadilika, kama kukosa mchezo wa jioni.

3. Mpeni kila siku dakika kumi na tano zake peke yake, bila kumhoji. Akifanya vizuri, msifuni papo hapo.

4. Mwoga apande ngazi polepole. Juma hili amsalimu jirani mmoja. Juma lijalo atumwe dukani. Baadaye asome mbele ya jamaa nyumbani. Msimsemee kila mara, wala msimsukume jukwaani kwa nguvu.

5. Msikimbilie shule ya bweni ili "anyooshwe." Zungumzeni na mwalimu wake kwanza.

6. Miezi ikipita bila nafuu, nendeni hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma, mweleze daktari shida yote na mwulize mshauri nasaha. Simu ya watoto, namba 116, hupigwa bure. Mtoto akizungumzia kufa au akijidhuru, msingoje hata siku moja.

Sisi tulikwenda, baba na mama pamoja. Tulimpeleka pia kaburini kwa nyanya, akapanda maua. Haikuwa muujiza, ilichukua mwaka na zaidi. Leo bado ni mtu wa maneno machache, lakini darasani anainua mkono. Nami nilimwomba msamaha kwa viboko vile. Lilikuwa jambo gumu kwangu kuliko yote.

Kumbukeni Maria na Yosefu katika Luka 2. Mtoto alipopotea, walirudi Yerusalemu wote wawili, wakamtafuta siku tatu. Nasi tumtafute wetu hivyo.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Je, kuna mtoto wetu ambaye tabia yake inatuambia jambo tusilolisikia?
2. Ni lini tulibishana mbele yake mara ya mwisho?
3. Juma hili, nani kati yetu atampa dakika zake kumi na tano, na saa ngapi?