KUKOROMA NA TAYA

Wenzetu, mu enterna tunacheka anayekoroma, na akisinzia mu kalasi tunamuita muvivu. Pengine tunamuonea. Mtu akilala, ulimi unalegea. Kama taya ya chini ni fupi, unarudi nyuma na kufunga njia ya pumzi. Anashtuka-shtuka usiku kucha, na mwenyewe hajui. Munganga wa meno Mfaransa, Pierre Robin, aliandika habari hii juu ya watoto wachanga mwaka 1923. Leo watu wazima wanatengenezewa kifaa cha kuvaa kwenye meno usiku: kinasukuma taya mbele, pumzi inapita. Kwa watoto, mara nyingi shida ni mafindofindo makubwa, kazi ya munganga wa koo. Jirani wa kitanda akisikia pumzi inakatika, afuatane naye, amuelezee munganga.