Kulea vifaranga wa kware: hela inapotelea siku kumi za kwanza

Wiki hii nimepigiwa simu na vijana wanne wanaotaka kuanza na kware, na wote wameuliza mambo yale yale: mbegu inapatikana wapi, anaanza kutaga lini, trei inauzwa bei gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kifaranga akishatotolewa analala wapi usiku wa kwanza. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa hiyo leo tunaongelea hapo tu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma, nikiwa kazini huku Nyanda za Juu Kusini, kijana mmoja alinifuata ofisini. Alikuwa amekopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanunua vifaranga 300 wa kware wa siku moja. Aliniuliza awalee vipi. Wakati ule nilikuwa nawajua kuku vizuri, lakini kware nilikuwa nimewasoma darasani tu. Nikamjibu bila hata kufikiri, "Walee kama wa kuku, hawa ni wadogo tu."

Siku ya tatu alfajiri simu ikaita. "Shikamoo bwana mifugo. Nimehesabu, wamekufa 140."

Nilipofika aliwatoa kwenye ndoo akanionyesha. Wengine walikuwa wameloa chapachapa. Wengine walikuwa bapa, wamelaliwa na wenzao kwenye kona. Wachache waliobaki hai walikuwa wanatambaa, miguu imetanuka kila upande. Hakukuwa na ugonjwa wowote pale, nilichokuta ni matokeo ya ushauri wangu. Nilimnunulia mfuko wa chakula kwa hao waliobaki, lakini mfuko wa chakula haulipi mkopo, na yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kusimama mbele ya wanakikundi wenzake siku ya marejesho.

Basi tuwapitie wale waliokuwa kwenye ndoo, tuone kila mmoja aliuawa na nini.

Waliolowa

Kifaranga wa kuku anaangua na gramu 40 hivi. Wa kware ana gramu 7 au 8, yaani unamfunika kwa kidole gumba. Chombo cha maji cha kawaida cha vifaranga wa kuku kwake ni bwawa. Na wala si lazima azame: akitumbukia na kutoka amelowa, mwili mdogo namna ile unapoa haraka, na saa chache tu baadaye amekufa. Wewe unakuja kusema amekufa kwa baridi, kumbe ni maji.

Dawa yake ni rahisi. Tumia sosa au mfuniko wa kopo usio na kina, ujaze gololi za watoto, kisha mimina maji yaishie katikati ya gololi. Kifaranga anaingiza mdomo tu, mwili unabaki juu. Kama huna gololi, kokoto safi zilizooshwa zinafaa. Maji yawe vuguvugu siku mbili za kwanza, na ubadilishe angalau mara mbili kwa siku maana wanayachafua sana. Gololi zitoe baada ya siku 7 hadi 10.

Kama vifaranga wametoka safari, wape maji kwanza kabla ya chakula. Mimi huweka kijiko kimoja cha chakula cha sukari au glukosi kwa kila lita, kwa siku ya kwanza tu. Wale wanaozubaa, wachovye ncha ya mdomo taratibu ili waonje. Pua isiguse maji.

Waliolaliwa

Hili ndilo kubwa, na ndilo linaloua wengi sehemu za baridi kama Njombe, Makete na Mufindi. Kifaranga wa kuku anaanza na joto la nyuzi 32 hadi 35. Wa kware anataka nyuzi 35 hadi 37 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka waote manyoya, wiki ya tatu au ya nne. Kipimajoto kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga. Ukikitundika ukutani unapima joto lako wewe, si lao.

Hata hivyo, usiamini kipimajoto peke yake. Waangalie. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni wamefungua midomo, wamezidiwa joto, nyanyua taa. Wakijibana upande mmoja tu, tafuta upepo unakoingilia. Waliotawanyika, huyu anakula, yule amelala amenyoosha shingo, hao waache kama walivyo.

Bruda isiwe na kona. Zungushia boksi gumu au hadibodi liwe duara, maana wakisikia baridi wanakimbilia kona na wa chini wanakosa hewa. Mita moja ya mraba inatosha vifaranga 100 kwa wiki mbili za kwanza. Funika juu kwa wavu: kufika wiki ya pili wanaanza kuruka, utawaokota jikoni.

Sasa, umeme. Yule kijana alikuwa na balbu nzuri tu, lakini usiku wa pili umeme ulikatika saa sita ukarudi saa kumi. Saa nne hizo zilitosha. Usiku wa kwanza usikukute huna joto la akiba. Njia ninayoipenda ni madumu ya maji ya moto yaliyofungwa blanketi au gunia, unayalaza ndani ya bruda na kubadilisha maji yakipoa. Wengine wanatumia chungu au jiko la mkaa. Linafaa, ila mkaa uwashie nje mpaka uwe mwekundu wote, na banda liwe na nafasi ya hewa kutokea juu. Moshi ukiisha haina maana sumu imeisha, hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, na inaua vifaranga na mfugaji pia. Usilale humo ndani na jiko, hata kama baridi ni kali kiasi gani.

Waliotanuka miguu

Nilimwambia atandike magazeti, kama wengi tunavyofanya kwa kuku. Gazeti linateleza. Kifaranga wa kware akiteleza siku mbili za kwanza, miguu inafunguka na mara nyingi hairudi tena. Tandika maranda, juu yake weka kitambaa kikavu chenye kukwaruza kidogo, kitenge kuukuu kinatosha, kwa siku nne au tano. Gunia nalo linafaa, ila likianza kufumuka litoe, nyuzi zinawafunga miguu. Kitambaa kinasaidia pia wasile maranda kabla hawajakijua chakula.

Kuhusu chakula, stata ya kuku wa mayai haina protini ya kutosha, kware anataka kama asilimia 24 na zaidi. Nunua stata ya kuku wa nyama yenye protini nyingi kuliko zote unazozipata, isage tena au ichekeche iwe laini, kwa sababu punje kubwa hawezi kuimeza. Siku ya kwanza nyunyizia kidogo juu ya kitambaa wadonoe. Chakula cha kuku wanaotaga usiwape kabisa, chokaa yake inaharibu figo za kifaranga. Taa iwake usiku na mchana siku hizi za mwanzo ili waone chakula.

Mengine kwa kifupi. Usiwachanganye na kuku wala usiwalee kwenye banda lililotoka kuku bila kuliosha na kulipulizia dawa, kuna ugonjwa wa utumbo unaomaliza kware haraka sana. Panya anapita penye tundu dogo kuliko unavyodhani. Na siafu, jamani: miguu ya meza ya bruda isimamishe kwenye makopo yenye maji na oili chafu, la sivyo asubuhi utakuta mifupa.

Ukifika wiki ya tatu, tazama vifua. Dume anaanza kuwa na kifua cha rangi ya kutu isiyo na madoa, jike ana madoadoa meusi. Hapo tenganisha, madume ya ziada weka upande wa nyama, majike yaandae kutaga kuanzia wiki ya sita au ya saba. Yule kijana alibakiwa na majike 71. Aliuza mayai miezi mitano ndipo akamaliza deni. Siku hizi akipokea vifaranga ananipigia usiku wa kwanza, ananitajia nyuzi joto, halafu ananiuliza, "Bwana mifugo, na wewe umeshawasoma wa kwako?"