Shule za Marekani: Ubaguzi Uliobaki Kwenye Ramani

Si ubaguzi ulishapigwa marufuku?

Ulipigwa. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walitamka kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma ni kuvunja katiba. Moja ya mashauri yaliyounganishwa katika hukumu hiyo lilitoka kaunti ya Clarendon, South Carolina, ambako wazazi Weusi walianza kwa kuomba basi la shule tu. Huko mtoto wa Kizungu alitengewa dola 179 kwa mwaka, Mweusi dola 43. Hukumu haikuwatisha wote: kaunti ya Prince Edward, Virginia, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili isiwachanganye watoto.

Fedha za shule hutoka wapi?

Serikali kuu hutoa sehemu ndogo. Zilizobaki hutoka jimboni na katika wilaya ya shule yenyewe, ambayo hutegemea hasa kodi ya majengo. Penye nyumba ghali, kodi ni nene.

Basi wenye nyumba za bei ndogo si waongeze kiwango cha kodi?

Waliongeza, na ndipo uonevu unapoonekana wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko San Antonio, Texas, wilaya ya Edgewood, yenye wakazi wengi wenye asili ya Meksiko, ilitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Ikaambulia dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights, ya Wazungu wengi, ilitoza senti 85 tu ikapata dola 333. Hata baada ya ruzuku zote, Edgewood ilikuwa na dola 356 kwa mwanafunzi, wenzao 594. Wazazi walishtaki. Mwaka 1973 walishindwa kwa kura tano dhidi ya nne: Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema katiba ya taifa haiitaji elimu kuwa haki ya msingi. Ilibidi wageukie mahakama za jimbo, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas ikaukataa mfumo huo.

Kwa nini watoto wasivuke tu mpaka wa wilaya?

Mwaka 1974, katika kesi ya Detroit, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuzilazimisha wilaya za pembezoni mwa jiji zipokee watoto wa mjini, maana haikuthibitika kwamba zenyewe zilibagua. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika miaka ya 1930 ramani za serikali zilipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi, na mikopo ya nyumba ikawapita. Makazi yakabaki yametengana kwa rangi, na wilaya za shule zikaurithi utengano huo.

Nimehamia huko karibuni. Mwanangu atasoma wapi?

Kwa kawaida anwani yenu ndiyo huamua. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1982 inakataza kumnyima mtoto shule ya umma ya bure kwa kukosa hati za ukaaji. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, uliza nyumba iko wilaya gani ya shule. Jina la jiji peke yake halitoshi.